Nani Aliyemhesabia Salman Miaka Yake?

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nieleze jambo lililonifika mwenyewe, na lililonipa maoni ambayo mwaka jana sikuwa nayo. Najua ya kuwa wengi wa wasomaji wetu si Waislamu, na kwamba hata miongoni mwa Waislamu wako wasiochukua somo la Elimu ya Dini. Nawaomba wasifunue ukurasa upesi. Habari nitakazozitaja ni za Bara Arabu na Iraq ya zamani sana, lakini ugonjwa ninaotaka kuusema uko hapa hapa bwenini kwetu.

Muhula wa kwanza, usiku mmoja wa Alhamisi, nilipewa zamu ya kuzungumza mbele ya chama chetu cha wanafunzi wa Kiislamu. Nilichagua maisha ya Salman al-Farisi, yule Mwajemi aliyekuwa sahaba wa Mtume Muhammad (S.A.W.). Nani asiyekipenda kisa chake? Alizaliwa Uajemi katika nyumba ya mtu mkubwa, akalelewa katika dini ya kutunza moto, akatoroka kwenda Sham kutafuta dini iliyo bora. Huko aliwatumikia watawa wa Kinasara, mmoja akifa akimwelekeza kwa mwingine: kutoka Sham hata Mosul, kutoka Mosul hata Nasibin, kisha Ammuriya. Wafanyabiashara waliomchukua njiani wakamwendea kinyume, wakamwuza utumwani, na kwa njia hiyo ya huzuni akafikia Madina. Akajikomboa kwa miche 300 ya mitende na wakia 40 za dhahabu, masahaba wenzake wakimsaidia. Naye ndiye atajwaye kuwa alitoa shauri la kuchimba handaki katika vita vya Khandaq, mwaka 627.

Basi nikayasema hayo yote, na watu wakanyamaza kusikiliza. Nikaona nimalize kwa kishindo. Nikasema Salman aliishi miaka 250, na wengine wasema 350.

Mkono mmoja ukainuka kule nyuma. Alikuwa mtoto wa Kidato cha Kwanza, mdogo wa umbo, ambaye hata jina lake sikulijua. Akasema, "Samahani kaka, nani aliyemhesabia?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka pamoja nao, kisha nikamjibu kwa sauti ya kiranja ya kuwa mambo yaliyo vitabuni hayaulizwi hivyo, na kwamba wanavyuoni wamekwisha sema. Akakaa. Muhula ule sikumwona tena akiinua mkono.

Likizo ilipofika nikarudi kwetu Pangani, na swali lile limenikaa kama mwiba wa samaki kooni. Jirani yetu ni maalim mzee anayesomesha chuo, mwenye kabati la vitabu vya Kiarabu alivyorithi kwa marehemu babake. Nikamwendea baada ya Alasiri.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba mwanangu. Umerudi na njaa ya wali au njaa ya elimu?"

Nikamweleza. Hakunijibu neno. Aliniambia nikanawe mikono, kisha akanituma nipande kigodani nimshushie kitabu hiki na kile, maana magoti yake hayapandi tena. Kwa muda wa siku nne alinisomea Kiarabu na kunifasiria, nami nikiandika katika daftari la Jiografia, kwa kuwa sikuwa na jingine.

Jambo la kwanza alilonifunza ni kwamba kila habari katika vitabu vile vya kale ina sehemu mbili. Iko isnadi, nayo ni mnyororo wa majina: fulani amenihadithia, naye kahadithiwa na fulani, hata kufika kwa yule aliyeona kwa jicho lake au kusikia kwa sikio lake. Na iko matini, yaani habari yenyewe. Sisi wavivu huyaruka majina tukaikimbilia habari, kama mtu anunuaye samaki kwa ukubwa wake asimfunue matamvua. Wazee wale hawakufanya hivyo. Walipotaka kujua habari ni mbichi au imeoza, waliangalia kwanza majina. Ndiyo maana wakaandika vitabu vikubwa vya maisha ya wapokezi: huyu alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alihamia mji gani, alifariki mwaka upi, je, alikuwa mkweli, je, uzeeni alianza kusahau? Ukijua mwaka aliokufa mwalimu na mwaka aliozaliwa mwanafunzi, waweza kusema kama waliwahi kuonana au la. Sikufikiri kamwe ya kuwa tarehe ya mtu kufa yaweza kuwa na faida namna hiyo. Darasani huzikariri tu.

Sasa nirudi kwa Salman. Mwandishi wa Sira maarufu kuliko wote wa kale ni Muhammad ibn Ishaq, mzaliwa wa Madina, aliyefariki Baghdad kama mwaka 767. Mtume alifariki mwaka 632, kwa hiyo kati yao ipo miaka 135. Na zaidi ya hayo, kitabu cha Ibn Ishaq hatunacho kama alivyokiandika mwenyewe. Tunacho kwa mkono wa Ibn Hisham, aliyekipokea kwa mwanafunzi wa Ibn Ishaq aitwaye al-Bakka'i, naye akakipunguza. Tena amesema waziwazi mwanzoni ya kuwa ameacha baadhi ya mambo, yakiwamo mashairi ambayo wajuzi hawakuyajua na habari ambazo zingewaudhi watu. Sehemu nyingine tunazipata kwa al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, zilizomfikia kwa njia nyingine. Nilishangaa. Nilidhani kitabu ni kitabu, kimeandikwa kikaisha.

Katika Sira hiyo kisa kirefu cha Salman kimekuja na isnadi iliyo kamili. Ibn Ishaq asema amehadithiwa na Asim ibn Umar ibn Qatada, yeye kwa Mahmud ibn Labid, yeye kwa Ibn Abbas, na Ibn Abbas kwa kinywa cha Salman mwenyewe. Ni vizuri tuangalie neno "amenihadithia." Ibn Ishaq alilaumiwa na wajuzi ya kuwa wakati mwingine husema tu "kutoka kwa fulani," na neno hilo laweza kuficha mtu aliye katikati. Anaposema "amenihadithia" wengi wao humkubali. Basi hapa alisema. Na katika kisa hicho kirefu, chenye miji yote ile na watawa wote wale, hakuna idadi ya miaka ya Salman.

Lakini mara baada ya kisa hicho iko habari ya pili, fupi, isemayo ya kuwa Salman alikutana huko Sham na mtu mmoja atokaye kichakani na kuingia kichaka kingine, akiwaponya wagonjwa, na kwamba mtu huyo alikuwa Isa mwana wa Mariamu. Hii nayo Ibn Ishaq kaipata kwa Asim yule yule. Lakini safari hii Asim asema kahadithiwa na "mtu nisiyemtuhumu," asiyetajwa jina, yeye kwa Umar ibn Abd al-Aziz, naye Umar asema "nimehadithiwa" habari za Salman, bila kutaja ni nani aliyemhadithia. Mna matundu mawili katika mnyororo mmoja. Ibn Ishaq hakuyaziba. Angeweza kutia jina lolote, nani angemjua? Aliyaacha wazi kusudi sisi tuyaone, na kwa ajili hiyo mimi namheshimu zaidi kuliko kama angetupa mnyororo uliong'arishwa.

Maalim alinionyesha jambo jingine katika maandishi ya Ibn Ishaq lililonifurahisha. Mara nyingi, asipokuwa na hakika, hutumia neno la Kiarabu lenye maana ya "wamedai," au humalizia kwa kusema Mungu ndiye ajuaye zaidi. Nikasema, "Maalim, hiyo si ndiyo eti yetu?" Akacheka sana. Naam, Kiswahili tunayo silaha hiyo hiyo. Mtu akisema "Fulani amefaulu" na mwingine akisema "Eti fulani amefaulu," hawakusema jambo moja. Yule wa pili amejitoa katika dhamana. Ajabu ni kwamba habari ikipita midomo mitatu, kitu cha kwanza kudondoka njiani ni ile eti.

Basi hiyo miaka 250 yatoka wapi? Tulitafuta siku ya pili yote. Ibn Hajar wa Misri, aliyefariki Cairo mwaka 1449 na aliyeandika kitabu kikubwa cha maisha ya masahaba, ametaja chanzo chake: imo katika kitabu cha Abu al-Shaykh cha watu wa Isfahani, kwa mapokezi ya Abbas ibn Yazid. Na Abbas huyo asema nini? Asema kwamba watu wa elimu wasema Salman aliishi miaka 350, ama 250 hawana shaka nayo. Basi. Abbas ni mtu wa karne ya tatu ya Hijra. Salman alifariki Madain, Iraq, katika miaka ya thelathini na kitu ya Hijra. Kati yao ipo miaka mia mbili na zaidi, na daraja la kuvukia miaka hiyo yote ni neno moja: wasema.

Niliona haya. Maana ndilo neno nililomjibu yule mtoto.

Nikatoa kalamu nikapiga hesabu, na wasomaji waweza kunisahihisha. Miaka 250 ya Hijra ni kama 242 ya kawaida. Kama Salman alifariki karibu na mwaka 655, basi angekuwa amezaliwa karibu na mwaka 413. Vita vya Khandaq vilipofika mwaka 627 angekuwa na miaka zaidi ya 210. Na vitabu hivyo hivyo vyatuambia ya kuwa siku ile alikuwa mchimbaji hodari, mtu mwenye nguvu, hata Wahajiri na Ansari wakamgombea, kila kundi likitaka awe wao, mpaka Mtume akamfanya wa nyumbani kwake. Na wale wanaodhani aliishi sana kwa sababu alionana na Isa, hesabu yao haitoshi vilevile: hata miaka 350 haimfikishi huko.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonipendeza kuliko yote. Al-Dhahabi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1348, ni mmoja wa wajuzi wakubwa kabisa wa maisha ya wapokezi. Katika kitabu chake kimoja cha historia aliandika kama wengine, ya kuwa Salman aliishi miaka 250. Baadaye, katika kitabu kingine, akarudi nyuma. Akasema hairidhii tena kauli ile, na kwamba yaonekana kwake Salman hakupita miaka themanini. Kwa sababu gani? Hakupata mnyororo mpya. Aliyatazama tu mambo ya Salman yote kwa pamoja: kwenda kwake vitani, hima yake, shughuli zake, na kwamba alikuwa akisuka majani ya mtende. Akaona hayo si mambo ya mkongwe.

Kusuka! Salman alipokuwa liwali wa Madain alikuwa akinunua majani ya mtende kwa dirhamu moja, akiyasuka na kuuza kwa dirhamu tatu: moja hurudisha mtaji, moja hula na watu wake, na moja huitoa sadaka. Habari hiyo huhadithiwa kumsifu kwa unyenyekevu wake, na mimi nilipoizungumza chamani niliisema kwa ajili hiyo tu. Al-Dhahabi akaiangalia akaona vidole. Nadhani hii ndiyo maana ya kufasiri habari: kuuliza ni nini tena habari hiyo inajua, mbali na lile ililokusudia kutuambia.

Usiku ule nilimkuta bibi yangu barazani akisuka ukili. Nikamwuliza, "Bibi, mtu wa miaka mia mbili aweza kusuka?" Akanitazama. Akasema, "Mume wangu, mimi nina sabini na mbili na kidole gumba hiki kimeanza kunikatalia. Huyo wa mia mbili nani humtungia uzi sindanoni?" Sikumwambia kwamba amekubaliana na al-Dhahabi, asingenielewa, au angeniambia al-Dhahabi ndiye aliyekubaliana naye.

Yanipasa kuwa mwadilifu. Ibn Hajar, ambaye maneno ya al-Dhahabi yalimfikia, hakukubali kuufunga mlango. Alisema kwamba jambo hilo likithibiti, litakuwa katika mambo yaliyotoka nje ya ada, na nini cha kulizuia? Na maalim wangu yuko upande wake. Aliniambia, "Mwanangu, Mungu hashindwi. Nuhu je?" Simbishii mzee wangu, na kuhusu Nuhu sina neno. Ila kwa heshima nasema haya: mimi sikuuliza kama Mungu aweza. Niliuliza nani kasema. Maswali haya mawili hayafanani, na naona hatari kubwa katika kulijibu la pili kwa kutumia la kwanza. Ibn Hajar mwenyewe alisema "likithibiti." Sisi tumelichukua jibu lake tukaliacha lile neno.

Sasa, Bwana Mhariri, nafika mahali ambapo si rahisi kwangu kupaandika.

Wakumbuka wakazi wa bweni letu ya kuwa muhula huo huo wa kwanza mwenzetu mmoja alipotewa na fedha za nauli, shilingi elfu ishirini, kutoka katika tranka lake. Haikupita siku, habari ikaenea kwamba aliyezichukua ni kijana fulani wa Kidato cha Pili. Mimi, kwa kuwa ni kiranja, nikapeleka habari kwa mwalimu wa bweni: "Mwalimu, wanasema ni fulani." Kijana akaitwa, akaulizwa, akakataa; vitu vyake vikapekuliwa, hapakuonekana kitu. Lakini bwenini hukumu ilikuwa imekwisha pita. Hakuna aliyemwazima ndoo. Alikula peke yake mwisho wa meza. Siku ya kumi na mbili mwenye fedha akazikuta ndani ya bitana ya koti lake, alipozitia mwenyewe akasahau.

Niliporudi kutoka likizo nikiwa na daftari langu la Jiografia, nikasema nijaribu kazi ya wale wazee. Nikamwendea mmoja baada ya mwingine nikamwuliza, "Wewe ulisikia kwa nani?" Wa kwanza alinipeleka kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, na wa tatu akaniangalia kwa mshangao akasema, "Kwako, kaka." Nikamwambia haiwezekani. Akanikumbusha. Asubuhi ile ya kwanza, tulipokuwa tukichota maji, mimi nilisema, "Yule mtoto sijui alikuwa akitafuta nini kwenye vitanda vya kidato cha tatu jana." Ndivyo nilivyosema, na ni kweli nilimwona. Alikuwa akitafuta kamusi aliyoazimwa. Maneno yangu yakazunguka bweni zima, yakaongezwa mkia, yakanirudia mimi mwenyewe yakiwa "wanasema," nami nikayapokea kama ushahidi wa watu wengi. Kumbe watu wote wale walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Nilimwomba radhi yule kijana mbele ya wenzetu. Alinipa mkono. Sijui kama ameniwia radhi kweli, na sina haki ya kumwuliza.

Baada ya hayo sikuweza tena kusoma neno "wanavyuoni wasema" kwa raha. Chukua umri wa Bibi Khadija alipoolewa na Mtume. Sote tumeandika katika mtihani: miaka 40. Idadi hiyo yatoka kwa al-Waqidi, aliyefariki mwaka 207 wa Hijra. Lakini Ibn Saad, aliyekuwa mwandishi wa al-Waqidi na aliyefariki Baghdad mwaka 845, amepokea katika kitabu chake kile kile riwaya nyingine, inayorudishwa kwa Ibn Abbas, ya kuwa alikuwa na miaka 28. Mtu atasema upesi, ya 28 yaafiki zaidi, kwa kuwa Bibi Khadija alimzalia Mtume watoto sita kwa kauli iliyo mashuhuri. Polepole! Riwaya hiyo ya 28 imepitia kwa al-Kalbi, ambaye wajuzi wa hadithi walimtuhumu vibaya. Na al-Waqidi naye, pamoja na elimu yake kubwa ya vita vya Mtume, hao hao hawakumkubali katika hadithi. Basi kila idadi imebebwa na mtu mwenye lawama. Kwa maoni yangu mwanafunzi angeandika idadi zote mbili na kila moja kwa jina la aliyeipokea, na mtahini angempa alama kwa hilo, badala ya kumkata. Nasema hivi nikijua kwamba mwezi wa Novemba mimi mwenyewe nitaandika 40.

Tena si kila tofauti ya idadi ni uongo wa mtu. Katika vitabu vya hadithi vilivyo sahihi imepokewa kwamba Mtume alifariki akiwa na miaka 63, na iko riwaya ya 60, na iko ya 65. Al-Nawawi alieleza, katika karne ya saba ya Hijra, ya kuwa iliyo sahihi na mashuhuri ni 63, na kwamba yule aliyesema 60 alihesabu makumi akaacha zilizobaki. Nani kati yetu hafanyi hivyo? Mwulize mzee wa Pangani umri wake, atakwambia "sabini hivi." Akifa kesho, mjukuu wake ataandika 70.

Mwalimu wetu wa Historia, niliposema naye habari hizi, alinionya nisije nikaangukia upande wa pili. Aliniambia ya kuwa wako wataalamu wa Ulaya waliosoma hizo isnadi kwa shaka kubwa, kama Goldziher katika kitabu chake cha mwaka 1890 na Schacht katika cha mwaka 1950. Schacht alisema kwamba aghalabu minyororo ilikamilishwa baadaye, na ikarefushwa kurudi nyuma ili ifike kwa watu wakubwa. Kisha wakaja wengine, kama Harald Motzki, waliolinganisha njia zote za habari moja pamoja na maneno ya kila njia, wakaona baadhi ya habari zaweza kufuatwa hata karne ya kwanza ya Hijra. Sina elimu ya kuwaamua wakubwa hao. Ila nimeona hapa shuleni vijana wawili wa namna hii. Mmoja huamini kila kilichopigwa chapa. Mwingine, akisikia habari moja ina ila, hutupa kabati lote baharini na kujiona ametoka gizani. Naona hawa ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wanakwepa kazi ya kushuka na kupanda kigodani.

Na kazi hii si ya Arabuni peke yake. Marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa mwaka 1972 kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, na humo utamkuta kila mmoja pamoja na waliomsomesha na aliowasomesha. Kimo katika kabati la maalim. Huku kwetu shuleni tumefanya nini? Gazeti hili hili, toleo la mwaka jana, limeandika ya kuwa ule mwembe ulio mbele ya ofisi ulipandwa na Wajerumani. Nimemwuliza mzee mtunza bustani. Asema aliupanda babake, na yeye mwenyewe alikuwa akichota maji ya kuumwagilia. Naomba Bwana Mhariri asahihishe, na aandike kwamba kahadithiwa na mimi, nami kwa mtunza bustani.

Nina maombi mawili. La kwanza, chama chetu kikubali kwamba yeyote azungumzaye aandike ubaoni, kabla ya kuanza, habari zake kazipata kitabu gani au kwa mtu gani; na asiyejua aseme eti, si aibu. La pili ni kwa viranja wenzangu. Mkija kwa mwalimu na neno "wanasema," mwe mmekwisha uliza angalau majina mawili.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule mtoto wa Kidato cha Kwanza, sasa najua jina lake, nikamkalisha chini ya huo mwembe nikamsomea daftari langu tangu mwanzo. Alisikiliza kimya. Nilipofika kwa Abbas ibn Yazid nikamweleza kwamba maneno yake yamo katika kitabu cha Abu al-Shaykh, ambaye alizaliwa baada ya Abbas kufa, na kwamba kati yao yuko mtu mmoja aliyeyapokea. Akainua mkono, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Kaka, huyo wa katikati ni nani?"

Nimemwandikia maalim barua. Jibu lilikuwa halijafika nilipokabidhi karatasi hizi kwa Mhariri.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne